Uji wa Kumbi la Homa

"Nilikwambia! Siku ya kwanza, mbele ya watu wote, nilikwambia kwa mdomo wangu huu. Ukacheka mpaka ukashika ukuta!"

"Ulikuwa unanitania!"

"Kwani mtani akitania asisikilizwe? Ulitaka nikuletee tarumbeta?"

Nesi Generosa Tawete alikuwa ameshika upawa, na uji ulikuwa ukimdondokea kwenye viatu bila yeye kujali. Mbele yake Bi Somoe Ligumbo, mpishi mkuu wa Kituo cha Kinga cha Namalumbi, alikuwa amelikingia mwili sufuria lake kubwa kama kuku aliyekingia vifaranga. Nyuma yao mlango wa jiko ulikuwa wazi. Kutoka wodini zilisikika sauti za watoto wakiimba wimbo wa asubuhi wa wali, yaani wanakumbi, ule wa kumtukana mbu na ukoo wake.

Ni kweli Generosa alikuwa ameambiwa. Siku watoto walipoingia kambini wamenyolewa vichwa, Bi Somoe alisimama hapo hapo mlangoni akapaza sauti: "Wangoni mmekwisha! Nawatilia majani ya kwetu kwenye uji, tuone kesho nani ataamka!" Na Generosa, Mngoni asiyekubali kushindwa na Mngindo kwa maneno, akajibu bila kupumua: "Mara ya kwanza mlitupa maji, mkasema risasi za Mjerumani zitayeyuka. Babu zetu wakaisha. Leo mmeleta uji?" Watu walivunjika mbavu. Hata Daktari Mtulia, ambaye hucheka mara moja kwa msimu, alicheka. Mtani hakasirikiwi. Na kwa kuwa hakasirikiwi, hakuna aliyekwenda kuangalia sufuria.

"Ni pakanga," Generosa alisema. "Usinidanganye. Mbele umeweka ukwaju na sukari, lakini nyuma ya ulimi ni pakanga, jani la malaria."

"Ni pakanga."

"Unajua ni marufuku hata kuipanda."

"Najua. Nimeipanda nyuma ya choo cha zamani. Choo chenu kinanuka, hamfiki kule."

"Tangu lini unaitia?"

"Tangu siku mliyowachoma sindano ya kwanza. Kila asubuhi." Bi Somoe alinyoosha mkono kuelekea pembeni mwa jiko bila kugeuza kichwa. "Na sababu ndiyo ile pale. Mwangalie. Mwangalie vizuri, usipeleke macho chini."

Mkekani, karibu na magunia ya unga, alikaa mjukuu wake mkubwa, Mwajabu. Alikuwa na umri wa miaka saba, na alikuwa akitafuna pembe ya khanga. Msimu uliopita aliingia kambini yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Siku ya tisa namba kwenye bangili yake ya vipimo ilipanda ghafla, ikafuata degedege, ikafuata usingizi wa siku nyingi. Alipoamka alikuwa anaweza kula na kutembea. Hajasema neno tangu hapo. Kituo kilimpa bibi yake kazi ya upishi, ikawa ndiyo pole.

"Mwaka huu mkamchukua na mdogo wake," Bi Somoe alisema. "Sikuzani. Sheria ni sheria, mkasema. Haya. Na mimi nikasema sufuria ni sufuria. Kumbini watoto wanakula chungu kimoja, siwezi kumtilia mmoja nikawaacha wa wenzangu. Nimewapunguzia homa wote. Hata wako. Wewe badala ya kunishukuru unanimwagia uji sakafuni!"

Generosa aliutupa upawa ndani ya sufuria. Uji uliruka.

"Umewapunguzia homa. Sawa. Homa ikawa ndogo. Sisi tukatazama bangili, tukaona namba ziko chini, watoto wote, kambi nzima. Tukasema vimelea vya mwaka huu ni dhaifu, havitawafundisha chochote. Unajua tukafanya nini, Bi Somoe?"

Mpishi aliuokota upawa kutoka sufuriani.

"Tukaongeza. Juzi. Sindano ya pili, yenye nguvu kuliko ya kwanza. Mimi mwenyewe nimewachoma, na Sikuzani nimemchoma. Umeficha moto, sisi tukadhani hakuna moto, tukaongeza kuni."

Bi Somoe aliketi juu ya gunia.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie wewe mpishi?" Generosa alifoka. Alilivuta sufuria kwa mishikio yote miwili, likiwa bado la moto, akalikokota hadi mlangoni na kulimwaga mtaroni. Uji ulitoka kwa uvivu, mwekundu wa ulezi, na kuku wakaja mbio.

"Fukuza kuku hao," alisema, akaondoka.

* * *

Aliyeufichua uji alikuwa Koleta, binti yake.

Koleta alikuwa na miaka sita kama wenzake, naye alichomwa sindano zote mbili kama wenzake. Lakini alikuwa amerithi sikoseli ya upande mmoja kutoka kwa baba yake. Mtoto wa namna hiyo si mgonjwa. Ana damu ambayo kimelea cha malaria hakipendi kukaa ndani yake. Wakati wenzake wanatetemeka chini ya mablanketi, Koleta alikuwa anaruka kamba. Na watoto wote walipolalamika kwamba uji ni mchungu, manesi walijibana wasicheke, kwa sababu kila mtu anajua homa huharibu mdomo. Mgonjwa wa malaria hata asali huiona shubiri.

Asubuhi hiyo, kabla wenzake hawajagawiwa uji, Koleta alisukuma bakuli. "Mchungu, mama."

"Kunywa, ni homa hiyo," Generosa alijibu kwa mazoea, akapita. Alikuwa amefika kitanda cha tatu aliposimama. Koleta hana homa. Akarudi, akachukua bakuli la binti yake, akaonja.

Sasa alikuwa akivuka uwanja kwenda ofisini, na hasira ilikuwa ikitembea mbele yake.

Daktari Faraji Mtulia alikuwa amesimama mbele ya kioo kikubwa kilichoonyesha bangili zote za kambi. Kila mtoto alikuwa doa moja la rangi, na kila doa lilikuwa la kijani. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mvi za mapema. Mkewe alikufa Masika Mabaya, ile mvua ambayo malaria ilirudi nayo. Kabla ya hapo kizazi kizima kilikuwa hakiijui. Mbu wa kutengenezwa maabara walikuwa wamewamaliza mbu wa malaria, watu wakacheza ngoma barabarani, na damu za watu zikasahau. Halafu akaja mbu mwingine, anayezaliana kwenye matangi ya maji mijini, amebeba kimelea kisichoogopa dawa ya mseto. Hakikuua watoto tu. Kiliua walimu, madereva, wanajeshi, watu wazima wenye vifua vipana, kwa sababu mwili wa mtu mzima ulikuwa mgeni kama wa mtoto mchanga.

Ndiyo sababu ya kambi. Mtoto akifika miaka sita anachomwa kimelea mfugo, kilicholelewa maabara, ambacho mseto bado unakiua. Anaugua akiwa anatazamwa, mwili unajifunza, anatoka ameiva. Kwenye makaratasi inaitwa Kinga kwa Homa ya Kupimwa. Watu wa Namalumbi, ambao watoto wao wamekuwa wakipelekwa kumbini kwa jando na unyago tangu enzi za mababu, waliangalia vichwa vilivyonyolewa, nyimbo na chungu kimoja, wakaiita kumbi la homa.

Generosa alieleza yote kwa sentensi nne. Mtulia hakumkatiza. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Pakanga," alisema mwishowe. "Kwa hiyo hizi namba zote ni uongo."

"Zote."

"Umeumwaga uji?"

"Nimeumwaga."

"Basi kufikia kesho mchana pakanga itakuwa imetoka mwilini, na vimelea vya sindano zote mbili vitapanda kwa pamoja." Aligusa kioo. "Ngoja niiambie mashine ukweli, tuone itasemaje."

Aliiambia. Madoa ya kijani yalififia, yakawa kijivu, kisha yakaanza kurudi moja moja. Generosa aliyatazama bila kupepesa. Si wingi wa vimelea unaomuua mtoto. Hilo alilifundishwa chuoni mwaka wa kwanza na ameliona kwa macho tangu hapo. Ni kunata. Chembe ya damu iliyobeba kimelea huota vishikizo, ikanata kwenye ukuta wa mshipa mwembamba, nyingine ikanata juu yake, mpaka mshipa unaziba kama bomba lenye mafuta ya jana. Ikitokea kwenye mguu, mtoto analalamika mguu. Ikitokea kwenye ubongo, inakuwa Mwajabu. Bangili ilikuwa inapima hilo tu: zinanata kiasi gani, na wapi.

Madoa mengi yalirudi ya njano. Sita yalirudi mekundu.

"Sita," Mtulia alisema taratibu. "Mashine inakisia sita watanata vibaya. Haiwezi kusema ni akina nani hasa, namba zimechafuka. Ikituonyesha hawa leo, kesho inaweza kuwa wengine."

"Vitanda vya mashine viko vinne."

"Najua viko vingapi."

"Sita kutoa vinne."

"Mama Koleta, najua hesabu."

"Basi nitajie majina."

"Majina gani?"

"Ya hao wawili watakaobaki bila kitanda. Nitajie, niende nikawaambie mama zao pale getini. Wamekaa tangu alfajiri wanachambua mchicha."

Mtulia aligeuka. Usoni mwake palikuwa na uchovu, na chini ya uchovu palikuwa na hasira pia. "Na wewe nitajie wa kwako. Tuwape mseto wote leo, si ndiyo unachotaka? Vimelea vyote vife, watoto wacheze mpira kesho. Vizuri sana. Mvua zinaanza mwezi ujao. Sina kimelea mfugo hata tone, tumemaliza chupa juzi, na maabara haileti tena mpaka kiangazi. Watoto wote wa wilaya hii wa umri huu wataingia masika wakiwa wabichi. Unajua mtoto mbichi anakaa wapi masika."

Alijua. Sheria iliandikwa baada ya Masika Mabaya: mtoto asiyeiva haendi shule, haendi sokoni, hatoki. Anafungiwa na mama yake kwenye nyumba ya chandarua, jengo refu la nyavu na mabati, tangu tone la kwanza mpaka la mwisho. Chakula kinapitishwa dirishani.

"Mwaka juzi nyumba ya chandarua ya Mtonya ilipasuka pembe moja," Mtulia alisema. "Pembe moja, Mama Koleta. Panya alitafuna. Nilisaini vyeti mpaka wino ukaisha. Hapa nina sita walio hatarini, na nina vitanda vinne, na nina wewe, nesi bora niliyewahi kufanya naye kazi. Labda tutawaokoa wote sita. Labda tutampoteza mmoja. Wote waliobaki wanatoka wameiva maisha yao yote. Kule kwenye nyavu sijui nitapoteza wangapi."

"Labda," alisema Generosa.

"Ndiyo, labda. Hii ni kazi ya labda. Ungetaka uhakika ungesomea ushonaji."

"Nimesomea na ushonaji. Ndiyo maana nakwambia: chandarua kikipasuka kinashonwa. Nenda jikoni ukamwone Mwajabu, halafu uniambie mtoto anashonwaje."

Mashine ilitoa mlio mdogo. Doa moja la njano lilikuwa limegeuka jekundu, na jekundu moja limerudi njano.

"Na kuna la pili, unalijua na hutaki kulisema," Generosa aliendelea. "Vimelea hivi vimekunywa pakanga wiki mbili. Vimeonja dawa bila kufa. Mseto na pakanga ni ndugu wa tumbo moja. Leo bado mseto unaviua. Tukiviacha viendelee kupanda kesho na keshokutwa, halafu ndipo tukimbilie kabati, nani kakuambia vitakufa? Kile cha porini kilijifunza hivi hivi. Watu walikunywa majani nusu kikombe, nusu kikombe, mpaka kikazoea. Unataka na hiki cha kufuga kizoee, kitoke hapa na jina la Namalumbi?"

"Hilo ni jambo la kupima maabara. Si la kupigiana kelele."

"Majibu ya maabara yanarudi lini?"

Wote wawili walijua yatachelewa.

Mtulia alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya upole, na hiyo ilimkera Generosa kuliko kelele. "Sikiliza. Koleta hayumo kwenye hao sita. Hawezi kuwemo. Damu yake inamlinda, chembe zake hazinati. Yeye hata kesho homa ikiwaka vipi, ataiva bila jasho. Ukiamua kumwaga kila kitu, mwaga. Lakini yeye muache. Usimpe mseto. Atatoka hapa na bangili nyeupe ya walioiva, masika atakwenda shule, na wewe hutafungiwa. Hakuna mama ambaye angekulaumu."

Generosa alimtazama. Kwa muda mfupi sana alimwona Koleta barabarani na sare ya shule, akipiga maji ya madimbwi kwa miguu, na yeye mwenyewe akiwa kazini, na mshahara, na mlango unaofunguka. Aliona pia kwamba Mtulia hakuwa akimhonga. Alikuwa akimpa zawadi kwa moyo mweupe. Hapo ndipo alipotamani kumpiga kofi.

"Usirudie kuniambia hivyo," alisema.

"Nimesema ukweli wa kitabibu."

"Kimelea kilicho ndani ya Koleta nacho kimekunywa uji. Au chenyewe kilisusa?"

"Hatari yake ni ndogo mno."

"Ya Mwajabu mlisemaje? Si mlisema ndogo mno?"

Alitoka akiuacha mlango wazi.

* * *

Wodini watoto walikuwa wamemaliza nyimbo. Walikaa vitandani, mabakuli matupu mapajani, wakisubiri uji ambao ulikuwa tumboni mwa kuku. Sikuzani, mdogo wake Mwajabu, alikuwa amelala ubavu na mikono katikati ya magoti. Alikuwa wa kwanza kumwona nesi.

"Nesi, kichwa kinagonga."

Generosa alimshika paji la uso, kisha akageuza bangili. Namba ilikuwa bado njano, lakini alipokuwa akiitazama ilipanda hatua moja. Haikusubiri kesho mchana.

"Kinagonga wapi?"

"Huku nyuma. Kama wanatwanga."

Alimfunika. Alitembea hadi mwisho wa wodi, akigeuza bangili moja baada ya nyingine, na kila alikogusa alikuta joto. Mtoto mmoja alimwita mama yake, mwingine akamcheka, wa kwanza akalia. Koleta alikuwa dirishani akichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo.

Getini mama zao walikuwa bado wanachambua mchicha. Mmoja alimwona nesi dirishani, akainua fungu la mchicha kumpungia. Walikuwa wamewaleta wenyewe, wakawashika mikono mpaka mlangoni, na walikuwa wameambiwa hakuna mwali anayetoka peke yake: mnaingia pamoja, mnatoka pamoja.

Generosa alirudi jikoni kwa mwendo wa kukimbia.

Bi Somoe alikuwa pale pale juu ya gunia, Mwajabu amemwekea kichwa mapajani.

"Inuka," Generosa alisema.

"Wamekuja kunikamata?"

"Watakuja, lakini si sasa. Inuka upike uji."

"Uji?" Bi Somoe alimtazama kama aliyechanganyikiwa. "Mimi?"

"Mseto hauingii tumbo tupu, unataka mafuta. Pika uji wa karanga, mzito, karanga usizibanie. Ukitia jani hata moja, hata la mgomba, nitakutumbukiza humo humo sufuriani."

"Kwa hiyo unawapa dawa."

"Pika!"

Bi Somoe aliinuka. Mikono yake ilijua pa kwenda: unga, maji, karanga za kusaga kwenye ndoo ya bluu. Alipokuwa anakoroga alisema bila kugeuka, "Unanichukia, mtani?"

"Leo ndiyo. Kesho niulize tena."

"Sikuzani je?"

"Kichwa kinamgonga. Koroga haraka."

* * *

Kabati la mseto lilikuwa ukutani katikati ya wodi, mlango wa chuma, halifunguki ila kwa kidole cha nesi wa zamu, na halikosi kuuliza. Kila ufunguzi ulikwenda moja kwa moja Makao Makuu. Generosa aliweka kidole.

"Taja mtoto na namba yake," kabati lilisema kwa ile sauti ya kike isiyo na kwao.

"Watoto wote."

"Hakuna mtoto mwenye namba ya hatari. Taja sababu nyingine."

Mtulia alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa amekimbia, miwani ilikuwa imeteleza puani. Aliwatazama watoto, kisha sufuria ambalo Bi Somoe alikuwa akilisukuma kwa kitoroli, mvuke wa karanga ukipanda.

"Nesi Tawete," alisema. Hakumwita Mama Koleta. "Nakuamuru usifungue. Tukikosea hapa hakuna kambi tena Namalumbi. Wataifunga. Watoto wa mwaka kesho nao utawaambia nini?"

"Nitawaambia tulikosea uji."

"Nitaandika kwamba ni wewe. Peke yako."

"Andika. Na uandike umesimama wapi wakati nafungua, maana umesimama mbali."

Mtulia hakusogea. Angeweza kuvuka wodi na kumshika mkono. Alikuwa mwanamume, na hakuna ambaye angemzuia. Lakini Sikuzani aliguna kwenye kitanda chake, mguno mrefu wa mtoto aliyelala vibaya, na macho ya daktari yalikwenda kwake, yakashuka kwenye bangili, yakabaki hapo. Namba ilikuwa imepanda tena.

"Taja sababu nyingine," kabati lilirudia.

"Uji ulikuwa na pakanga," Generosa alisema kwa sauti ambayo watoto wote waliisikia. "Bangili zinadanganya. Na mimi ndiye nesi wa zamu. Fungua."

Chuma kililia, mlango ukaachia. Ndani vidonge vya mseto wa kambi vilikuwa vimepangwa, dozi moja kwa kila mtoto, vya njano.

Bi Somoe aliteka uji wa kwanza. Watoto waliutazama kwa mashaka. Walikuwa wamesikia neno pakanga, na walikuwa wamekunywa uchungu kwa wiki mbili wakiambiwa ni midomo yao mibovu.

"Onja wewe kwanza," Generosa alimwambia.

"Mimi niliyeupika?"

"Hasa wewe. Mara ya kwanza mlitupa maji."

Bi Somoe alikunywa bakuli zima pale mbele yao, akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Umeridhika, Mngoni?"

"Bado. Ongeza."

Alikunywa la pili. Watoto wachache walicheka. Mtulia, mlangoni, hakucheka. Lakini alitoka kizingitini, akaenda kitanda cha Sikuzani, akamwinua mabega ili aweze kumeza akiwa ameketi. Hakumtazama Generosa.

"Mlete yule," alisema Bi Somoe kwa haraka. "Sikuzani ndiye mwenye hali mbaya, aanze yeye."

"Ataanza wa kwangu," Generosa alisema. "Pale getini watauliza. Wataniuliza kama wa kwangu alimeza. Sitaki kujibu kwa maneno. Koleta! Njoo hapa."

Koleta alikuja akivuta ndala. Alikitazama kidonge kiganjani mwa mama yake.

"Mimi siumwi."

"Najua."

"Daktari alisema mimi naiva bila kuumwa. Alisema nikitoka nakwenda shule."

"Alisema."

"Nikimeza?"

"Ukimeza hutaiva mwaka huu. Masika tutakaa kwenye nyumba ya chandarua, mimi na wewe na wenzako wote hawa. Hutatoka nje mpaka mvua ziishe."

Mdomo wa Koleta ulianza kucheza. "Hata shule?"

"Hata shule."

"Hata kuchungulia?"

"Kuchungulia utachungulia. Mimi nitakuwa nashona."

Mtoto alimtazama mama yake kwa chuki safi, isiyofichwa, chuki ya mtu aliyeporwa kitu chake mchana kweupe. Generosa aliipokea. Hakuomba msamaha na hakumbembeleza. Alimshika kidevu, akaweka kidonge kwenye ulimi, akasogeza bakuli. Koleta alikunywa huku machozi yakiingia ndani ya uji, akameza, kisha akafungua mdomo wazi kama wanavyofundishwa, kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki.

"Mchungu," alisema.

"Mchungu kweli, safari hii hujakosea." Generosa alikuwa tayari amechukua kidonge kingine, anatembea kuelekea kitanda cha Sikuzani. "Haya, bakuli juu wote. Anayefuata!"